Video zinakumalizia bando? Cheki hiyo Auto kwanza

Wengi wanadhani Auto kwenye YouTube, ile seting inayojichagulia yenyewe ubora wa video, imewekwa ili kubana matumizi. Wapi! Auto inaangalia spidi ya netiwaki na ukubwa wa skrini, haina habari umebakiwa na MB ngapi, kwahiyo usiku netiwaki ikitulia inajipandisha yenyewe mpaka HD na bando la wiki linakata siku ya pili.

Iko hivi, video moja kwenye seva (kompyuta ya YouTube inayotunza video) imehifadhiwa kwa ubora tofauti, 144p, 240p, 360p kwenda juu, na kila ubora umekatwa vipande vya sekunde chache, mara nyingi 2 hadi 10. Simu inachukua kwanza orodha ya vipande, halafu inavuta kimoja kimoja huku inapima kimetumia muda gani kushuka, kikichelewa kinachofuata inaomba cha ubora mdogo, kikiwahi inapanda ngazi. Ndo maana picha inaingia ukungu ghafla halafu inarudi safi. Protokali, yaani taratibu za kurusha video hivyo, zinazotumika sana ni HLS ya Apple, ya 2009, na DASH iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa 2012, na kwa zote anayechagua ngazi ni simu yako, sio seva. Hapo ndo pa kuikamatia.

Fungua YouTube, gusa profaili yako, ingia seting, tafuta ubora wa video. Utakuta sehemu mbili, ya data ya simu na ya Wi-Fi. Kwenye data weka ile ya kuokoa data, Wi-Fi iache tu Auto (bando la ofisi halikuhusu hahaha). Kama ni video moja tu, gusa alama ya gia ukachague 360p mwenyewe. Ila usijifungie 1080p ukiwa kwenye daladala, netiwaki ikishuka simu haina ruhusa ya kuteremka ngazi, utabaki unaangalia kaduara kanazunguka.

Hesabu sasa: video ya kilobiti 500 kwa sekunde inakula MB 225 kwa saa, ya megabiti 5 inakula GB 2.25. Mara kumi!

WhatsApp nayo, kwenye seting za hifadhi na data, washa kutumia data kidogo kwa simu unazopiga. Sauti inaweza kupungua ubora, lakini kwa kumsalimia bibi inatosha kabisa.