Koti la filamu kwa fundi wa Mombasa: kuanzia picha hadi pindo

Fundi mzuri wa Mombasa anaweza kukushonea karibu koti lolote uliloliona kwenye filamu. Asichoweza ni kushona picha. Ukimwekea simu mezani na kumwambia "fundi, nataka kama hili", atakushonea koti analolijua yeye, kwa rangi inayokaribia ile ya pichani. Mabega yatakuwa ya suti ya harusi, urefu atakadiria kwa jicho, na kola itakuwa ile aliyozoea kuikata. Hapo fundi hana kosa: hakupewa vipimo, kapewa sura tu. Kabla hujaenda kwake, kazi ya kuigeuza sura hiyo kuwa sentimita ni yako.

Kupima koti usilolishika

Anza na picha. Fremu za filamu peke yake hazitoshi, kwa sababu rangi zake hubadilishwa kwenye kompyuta baada ya kurekodi: koti la kahawia huonekana jeusi, la kijivu huonekana la buluu. Tafuta pia picha zilizopigwa filamu ilipokuwa ikitengenezwa, na hasa za maonyesho ya makumbusho au za minada ya mavazi ya filamu. Hizo za minada ndizo zenye faida kuliko zote: koti limevishwa sanamu, taa ni nyeupe, na mara nyingi wanaonyesha mgongo, ndani na vifungo kwa karibu.

Kwa vipimo, chagua picha moja ambapo mvaaji amesimama wima, miguu inaonekana, kamera iko mbali na imelingana na kifua. Picha iliyopigwa kwa karibu hupanua mabega na kufupisha miguu, na ukiifuata utapata koti pana juu na fupi chini. Usitegemee urefu wa mwigizaji unaoandikwa mtandaoni. Viatu na soli hubadilisha hesabu, na wewe huna haja nayo, kwa kuwa koti litavaliwa na mwili wako.

Chapisha picha hiyo kwenye karatasi na uchukue rula. Pima kutoka mzizi wa shingo hadi sakafuni, kisha kutoka mzizi wa shingo hadi pindo la koti. Tuseme ya kwanza ni milimita 96 na ya pili 84. Gawanya 84 kwa 96, upate 0.875. Sasa vaa viatu utakavyovaa na koti hilo, mtu akupime kutoka mzizi wa shingo hadi chini. Ukiwa na sentimita 148, zidisha kwa 0.875: koti lako ni sentimita 129.5. Fanya vivyo hivyo kwa kimo cha mfuko, mahali pa kifungo cha kwanza na cha mwisho, mwanzo wa mpasuo wa nyuma, na upana wa lapeli, yaani ile sehemu ya kifuani inayokunjwa nje. Lapeli linganisha na upana wa bega, si na urefu.

Vitu viwili usivikuze kwa uwiano huo. Mdomo wa mfuko hufuata mkono wa mtu, hivyo kwa mtu mzima acha sentimita 16 hadi 18. Na vifungo vina saizi zake madukani: kifuani kwa kawaida milimita 25, mikononi 15. Ukilazimisha kifungo cha saizi isiyo ya kawaida kwa sababu hesabu imesema hivyo, utazunguka maduka yote na huenda usikipate.

Andika yote kwenye karatasi moja, mbele na nyuma, pamoja na mchoro wa mistari tu usio na rangi. Mshono unaoonekana uchore kwa mstari mzima, wa ndani kwa vidoti. Fundi atafanya kazi kwa karatasi hiyo. Picha zitabaki ukutani za kukumbushia.

Kitambaa

Mtaa wa Biashara watu wengi wanaujua kwa leso, lakini ndiko pia pa kuanzia kwa vitambaa vya suti, bitana, vifungo na zipu. Sufu nzito ya koti ndiyo adimu, na sababu iko wazi: nani ataivaa Pwani? Kongowea kwenye mitumba hutokea makoti mazito ya Ulaya ambayo wanunuzi wa hapa hawayagombanii. Usijaribu kuunganisha makoti mawili ya mitumba kupata koti moja refu, kwani rangi haitalingana hata yakiwa meusi yote mawili. Nunua moja la kufumua. Ndani yake fundi ataona jinsi kifua kilivyotiwa kitambaa kigumu, jinsi kola ilivyokunjwa, na pengine utapata vifungo vya kufaa.

Muuzaji akikuambia ni sufu, omba uzi mmoja uuchome. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na majivu yake huvunjika kati ya vidole. Pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Polyesta huyeyuka na kuwa kishanga kigumu. Jaribio hili ni la lazima ikiwa unapanga kupaka rangi, kwa sababu rangi ya kawaida ya kuchemsha haishiki polyesta. Na rangi itiwe kabla ya kushona: koti la pamba lililoshonwa kwa uzi wa polyesta likichovywa, kitambaa hubadilika na mishono hubaki na rangi ya zamani, ikionekana yote.

Kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kilowe, kikauke, kipigwe pasi, kisha upime tena. Kikirudi 19.4 umepoteza asilimia 3, na kwa koti la sentimita 130 hiyo ni karibu sentimita 4. Kwa hiyo kitambaa chote kiloweshwe au kipigwe mvuke kabla ya mkasi kukigusa.

Kwa mtu wa kimo cha kama sentimita 175 na koti linalofika vifundoni, kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kinatakiwa mita 4, au 5 ikiwa sehemu ya chini inapanuka na kupepea. Chenye upana wa 115 ongeza mita moja na nusu. Bitana mita 3.5. Vilini ya kunata kwa pasi, ile ya kukitia kitambaa ugumu kwa ndani, mita 2. Kitambaa chenye manyoya upande mmoja, kama mahameli, vipande vyote lazima vielekee upande ule ule, basi ongeza nusu mita au zaidi. Usipofanya hivyo, nusu ya koti itang'aa na nusu itafifia.

Koti linalopepea vizuri kwenye filamu hulipata hilo kutokana na mambo mawili: upana wa chini na uzito. Kama kitambaa chako ni chepesi kuliko cha asili, pitisha ndani ya pindo mnyororo mwembamba wa uzito unaotumika kwenye mapazia. Ushikizwe kila sentimita 10, la sivyo utahamia pembeni na pindo litainama.

Ngozi, na ile isiyo ngozi

Hapa tunaomba usikilize kwa makini, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ngozi bandia nyingi zinazouzwa zina tabaka la poliurethani, na joto pamoja na unyevu wa Mombasa huivunja tabaka hiyo. Koti likikaa kabatini, hata bila kuvaliwa, huanza kunata, kisha hubanduka kwenye kola na viwiko. Hakuna dawa ya kulirudisha. Usilipe fundi ujuzi wa wiki nyingi juu ya kitambaa cha aina hiyo.

Njia bora ni kukumbuka kwamba wabunifu wa filamu wenyewe hudanganya jicho. Lile koti refu la Ryan Gosling katika Blade Runner 2049 ya mwaka 2017, ambalo wengi huapa ni ngozi, Renée April alilibuni kwa pamba iliyotiwa tabaka na kupakwa rangi, kwa sababu lilipaswa kunyeshewa mara kwa mara. Turubai la pamba la uzito wa kati, likipakwa rangi ya kitambaa mara mbili tatu kwa brashi kavu, linapendeza kwenye kamera na linastahimili hali ya hewa yetu.

Ukitaka ngozi halisi, koti refu linakula kama futi za mraba 60. Ngozi ya mbuzi moja ikiwa na futi 5, utahitaji 12, na ongeza mbili kwa ajili ya makovu na mashimo. Zinunue zote siku moja, kutoka fungu moja, uzipange juani uone rangi. Kariokor, Nairobi, ndiko wenye ngozi walikojaa. Fundi atumie sindano ya ngozi, mshono wa milimita 3 hadi 4, na vibanio badala ya pini. Tundu la sindano kwenye ngozi halifutiki, na mshono mfupi sana hugeuza ngozi kuwa karatasi ya stempu ambayo huchanika kwenye mstari wake.

Fundi na makubaliano

Fundi wa kanzu ana mkono safi ajabu, na ikiwa koti lako lina darizi mtafute yeye kwa darizi hiyo. Ila kanzu na joho havina bega la kupachika wala kifua kilichojengwa. Koti mpe anayeshona suti. Mwombe akuonyeshe koti alilolishona mwenyewe, ulikague sehemu mbili. Mkono uingie begani bila mikunjo, na ncha za kola zilale bila kujikunja juu. Vingine vyote hufundishika.

Usipeleke kazi hii siku za mwisho za Ramadhani, wala wiki za kuelekea Idi, wala shule zinapofunguliwa. Fundi atapokea, kwa sababu hataki kukuvunja moyo, na koti lako litashonwa usiku. Mpe wiki sita hadi nane.

Andikianeni. Theluthi ya ujira iwe arubuni, theluthi baada ya kipimo cha pili, yaani ukilijaribu mwilini mara ya pili, theluthi ukilichukua. Kitambaa nunua wewe. Taja kwenye karatasi idadi ya vipimo, nani atalipia kitambaa kikikatwa vibaya, na kwamba mabaki yote ni yako. Mabaki utayahitaji kwa majaribio na kwa viraka. Muulize mapema pia kama ana mashine ya matundu ya koti, yale yenye jicho la duara mwishoni. Kama hana, mjue yatatobolewa wapi, na litobolewe moja kwanza kwenye kibaki chenye tabaka zote.

Vipimo vitatu

Mwambie hivi: "Fundi, tushone kwanza ya marekani, kazi yake nailipa mbali." Marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ni rahisi, na kosa lililo juu yake hufutwa kwa kalamu. Koti zima lisilo na bitana wala mifuko lishonwe kwa mshono mrefu, ulivae juu ya nguo utakazovaa nalo. Kifua cha koti kizidi kifua chako kwa sentimita 10 hadi 12 ikiwa ndani ni shati, 15 ikiwa kuna koti jingine. Chora juu yake mifuko, vifungo, mstari wa kukunja lapeli. Piga picha kwa umbali ule ule wa picha yako ya asili, uzilinganishe kwenye simu. Tofauti ambayo kioo hakionyeshi utaiona hapo.

Inua mikono. Koti zima likipanda, fundi wengi watapunguza kwapa chini ili "upate nafasi". Mkatalie kwa adabu. Kwapa likishuka, mkono huunganishwa mbali na bega, na kila ukiinua mkono unavuta ubavu mzima. Kwapa lipandishwe karibu na mwili na upana uongezwe mgongoni na kwenye mkono wenyewe. Kichwa cha mkono kizidi tundu la kwapa kwa sentimita 3 hadi 4, ziingizwe kwa mvuke kidogo kidogo.

Marekani ikikubali, ifumuliwe, na vipande vyake ndivyo vitumike kukatia kitambaa. Kipimo cha pili ni cha kitambaa chenyewe kilichopigwa bandi, yaani kilichoshikizwa kwa mishono mirefu ya muda, kikiwa na mkono mmoja tu. Hapo tazama mgongo chini ya kola: mkunjo wa kulala ukitokea, mgongo wa koti ni mrefu mno pale shingoni. Mpasuo wa nyuma ukifunguka ukiwa umesimama tu, nyonga imebana.

Cha tatu ni pamoja na bitana, kabla ya pindo. Bitana iwe na mkunjo wa sentimita 2 katikati ya mgongo na iishie sentimita 2 hadi 3 juu ya pindo la koti. Ikibanwa, italivuta koti juu na kulifanya livimbe kama puto. Kwa joto letu, mwili utiwe bitana ya pamba nyepesi au viskosi, mikono itiwe satini ili iteleze. Koti likae limening'inia usiku mzima ndipo pindo lipimwe kutoka sakafuni, kwa sababu sehemu zilizokatwa kimshazari hushuka.

Kulizeesha na kulitunza

Makoti mengi ya filamu yamechakazwa kwa makusudi. Deborah Nadoolman, aliyebuni mavazi ya Raiders of the Lost Ark ya 1981, alilikwangua koti la ngozi la Indiana Jones kwa kisu kidogo na brashi ya waya. Fuata mahali nguo inapochakaa kweli: midomo ya mifuko, viwiko, ukingo wa kola, pindo la nyuma. Msasa namba 220 unatosha kwa pamba na sufu. Jaribu kwenye kibaki, kisha fanya kidogo, ulivae, ulitazame kesho yake, ndipo uendelee. Viwiko vyote viwili visifanane.

Lining'inie kwenye hanga pana ya mbao, nje ya mfuko wa plastiki, mbali na ukuta wenye unyevu. Sufu ipigwe brashi na kuanikwa mara moja kwa mwezi, hasa chini ya kola, ambako nondo hutaga. Ngozi isianikwe juani. Ipanguswe kwa kitambaa kikavu na kukaa penye upepo, na ukungu mweupe ukijitokeza ufutwe siku hiyo hiyo kabla haujaingia kwenye mishono.