Kupaka faiba na epoksi kwenye boti ya mbao ukiwa na banda la makuti tu

Mi natengenezea boti ufukweni, banda la makuti, chini mchanga, kusi likianza linapuliza mpaka ndani, na boti zinatoka vizuri tu, kwa hiyo usisubiri upate karakana ya matofali. Faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo, epoksi ni gundi ya majimaji ya kukigandisha kwenye mbao, unaipata ukichanganya resini na hadina, yaani kigandishi chake.

Kwanza iangalie boti. Maelezo haya ni ya boti ya plaiwudi. Mashua ya mbao iliyokalafatiwa, yaani mianya ya mbao imezibwa kwa pamba, usiivishe faiba, mbao zake zinavimba na kunywea kila siku, maji yakipenya chini ya faiba hayatoki tena inaoza ndani huoni. Na ile iliyopakwa sifa, mafuta ya papa, miaka na miaka ndo kabisa, epoksi haishiki juu ya mafuta.

Plaiwudi iwe kavu, piga msasa namba 80, kona kali zote zizungushe maana faiba haikubali kona, inanyanyuka na kuacha hewa chini.

Sasa muda, hapa ndo wengi wanaharibu. Boti yangu ya kwanza nilipaka saa tatu asubuhi, jua likapanda, mbao ikapata moto, hewa ya ndani ikatanuka ikatoka mapovu boti nzima, nilisaga siku mbili. Paka saa kumi jioni joto likishuka, mbao ikipoa inaivuta resini ndani. Mwagia mchanga maji mapema vumbi litulie, na funga turubai juu kwa ajili ya umande.

Kuchanganya fuata kopo, kama ni 2 kwa 1 iwe 2 kwa 1. Mafundi waliozoea polista, ile resini nyingine ya faiba, wanazidisha hadina ili iwahi kukauka, kwenye epoksi ukizidisha haiwahi, inabaki laini milele. Nunua hadina ya kukauka taratibu, changanya mililita 200 au 300 tu kwa mara moja, koroga dakika mbili ukikwangua pembeni na chini, mwaga kwenye sinia pana hapo hapo, ukiiacha kwenye kopo inajichemsha hadi inatoa moshi.

Faiba chukua ya kufumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba inatosha boti ndogo. Ile mati ya nyuzi zilizokatwa ni ya polista. Itandaze kavu, mwaga resini katikati, sukuma kwenda pembeni kwa kipande cha plastiki ulichokata kwenye ndoo. Ikishiba utaiona mbao vizuri, palipo peupe ongeza, na iliyozidi ikwangue kitambaa kisielee.

Usiku ikiwa bado inanata kidogo lakini haitoki kidoleni, piga mkono wa pili wa epoksi ufunike nyuzi. Wadudu watakaonasa waache, watatoka na msasa.

Asubuhi utakuta utelezi kama nta, ni unyevu wa pwani. Usikimbilie msasa utausambaza! Osha kwa maji ya bomba na dodoki gumu, kausha, ndo upige msasa.

Glavu muda wote jamani, na ikikugusa usioshe kwa thina, inaisukuma ndani ya ngozi, tumia sabuni na maji. Ngozi ikishaikataa epoksi ndo basi, kila ukiigusa utawashwa.

Iache siku kadhaa ikomae halafu paka rangi kabla hujaitoa nje, jua linaila epoksi isiyo na rangi.