Kabla Hujaandika Nywila, Angalia Haya

Juni 30 ikikaribia, saiba za Mwembe Tayari, Mombasa, hujaa watu wa ritani za KRA, yaani taarifa za kodi za mwaka. Kabla hujavuta kiti, soma haya.

Anwani iwe na https, si http tupu. Hiyo "s" ndiyo inayoyafunga mawasiliano yako ili uliyeunga naye waifai moja asisome nywila yako. Tovuti za serikali huishia go.ke, ukiona neno jingine limebandikwa baada ya go.ke, kabla ya mkwaju (/) unaofuata, toka. Na alama ya kufuli kando ya anwani isikulevye. Hata tapeli hupata cheti cha tovuti, kinacholeta kufuli hilo, bure kwa dakika chache. Kufuli lalinda njia, halikwambii unaenda kwa nani.

Kumtumia kijana wa saiba nywila kwa WhatsApp "akujazie"? Hilo sitalieleza.

Sasa tarehe ya mashine. Saiba niliyoizoea ilikuwa na kompyuta iliyokufa betri ya saa, kila ikiwashwa inarudi 2009. Cheti cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, basi kwa mashine ile vyeti vyote vilikuwa havijazaliwa, na karibu kila ukurasa ulikuja na onyo. Kijana hunyoosha mkono juu ya bega langu: "Bonyeza endelea tu, mzee wangu, ni saa hiyo." Na kweli ilikuwa saa. Nikabonyeza mwaka mzima.

Siku moja niko mkahawani nangoja kontena litoke bandarini, maana kazi yangu ni kliaringi. Waifai ya bure ilikuwa na majina mawili yanayofanana; nikachukua lenye nguvu. Nafungua barua pepe ya ofisi, onyo hilo. Kidole hakikuuliza. Simu ni yangu, saa iko sawa hadi dakika, na bado nikabonyeza endelea.

Siku ya tatu mteja akapiga: "Ile akaunti mpya ya benki mlonitumia, nishalipa." Hatukuwa na akaunti mpya. Barua ilitoka kwangu, hata ile "shukran sana" ninayomalizia ipo: mwenye waifai ile ya mkahawani alishaisoma nywila yangu. Pesa zilirudi nusu.

Kwa hiyo onyo likija, tazama saa kwanza. Ikiwa imepotea, irekebishe ndipo ufungue upya. Ikiwa iko sawa, funga ukurasa, zima waifai, tumia bando lako. Ritani haili MB nyingi. Nywila ya barua pepe isifanane na nyingine yoyote, kwani barua pepe ndiyo inayotumika kubadilishia nywila za akaunti nyingine. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila uulizwe kitu cha pili, kama msimbo wa simu. Kivinjari cha saiba kikiuliza kama kihifadhi nywila, kikatalie, na utoke kwenye akaunti kabla hujainuka. Ukiwa ferini Likoni, mambo ya benki yangoje ng'ambo, watu wamekubana wanachungulia. Na simu uliyouziwa mkononi, ifute yote kwanza, hujui mwenyewe wa kwanza aliacha nini ndani.