Kidonda usoni kisichouma wala kupona? Fikiria nzi wa mchanga

Wasee wa Gilgil na Mlima Elgon hii iwafikie, hasa mnaotuma watoto kuchunga mbuzi karibu na mapango. Kuna nzi wa mchanga, kadogo sana, kama theluthi ya mbu, kana manyoya manyoya na hakana mlio kabisa so kanakung'ata jioni ama usiku na wewe hujasikia kitu. Jike ndio anafyonza damu. Anaanza na pimbi wanaokaa kwa miamba, anabeba vimelea vya leishmania, vinazaana ndani yake siku kadhaa, halafu akimng'ata mtoto vinaingia kwa ngozi, na Baringo huko ni panya wa porini ndio wanavihifadhi.

Wiki ama hata miezi baadaye kinatokea kipele, usoni, sikioni ama mkononi, kinafunguka katikati na kingo zinainuka, na mara nyingi hakiumi ndio maana watu wanakipuuza mpaka kinaacha kovu la maisha.

Kwa hivyo giza likianza kuingia ondokeni pangoni. Neti ya kawaida huyu anapenya, tafuta iliyotiwa dawa ama yenye matundu madogo zaidi, na zibeni nyufa za kuta kwa sababu mchana anajificha humo.

Na tafadhali msichome kidonda wala kupaka asidi ya betri, inaumiza mtoto bure. Nendeni hospitali muombe kipimo cha leishmania, wanakwangua kidogo ukingoni mwa kidonda na kuangalia kwa darubini.