Wikiendi ya Nane Nane Moshi: kimbia Rau, endesha baiskeli hadi Chemka, na wageni wasinune

Nane Nane ya 2025 iliangukia Ijumaa, tukapata siku tatu mfululizo. Shemeji yangu alipanda na familia kutoka Dar es Salaam akiwa na ombi moja: afanye mazoezi ya kueleweka, lakini mke na watoto wasije wakasema wamesafiri siku nzima kuja kukaa sebuleni wakimsubiri. Iliwezekana. Tangu hapo nimeombwa ratiba ile mara nyingi, kwa hiyo naiandika kama tulivyoifanya.

Hatua ya 1: Panga watu kwanza, kilomita baadaye

Alhamisi jioni uliza kila mtu: nani anakwenda kanisani Jumapili na ibada ya saa ngapi, nani lazima akamwamkie bibi Kibosho, nani ameahidi kuonana na rafiki mjini. Ukishajua hayo, mazoezi yakae alfajiri. Sisi tulitoka saa kumi na mbili kamili, na kuanzia saa nne asubuhi muda ulikuwa wa familia. Na mkirudi, shikeni kazi za jikoni. Shemeji alimenya mkungu mzima wa ndizi siku ile. Mpake mgeni mafuta ya kula mikononi kwanza, maana utomvu wa ndizi mbichi hautoki kirahisi.

Hatua ya 2: Ijumaa, Msitu wa Rau

Kilomita 10, mwendo wa kuongea. Njia ni tambarare, kuna kivuli cha mivule, na juu utawaona mbega. Lipia kiingilio, vaa kitu cha kuzuia baridi, maana Agosti ya Moshi humshangaza mtu wa pwani.

Najua wengi wanatamani kuanza na mlima, wapande Uru au Kibosho siku ya kwanza. Msifanye hivyo. Kupanda hakuna shida. Ni kule kushuka kunakoumiza mapaja, na maumivu yenyewe yanakuja kesho yake, siku ya baiskeli.

Hatua ya 3: Andaa baiskeli kwa ajili ya miiba

Hii ifanyike Ijumaa jioni, na naomba usiiruke.

Barabara ya vumbi kutoka Boma Ng'ombe kushuka Chemka, chemchemi ya kuogelea tuliyoiendea Jumamosi, inapita kwenye migunga. Mwiba wa mgunga ukiingia kwenye tairi hukatika, kichwa kinabaki ndani ya mpira na kwa nje huoni kitu. Mara yangu ya kwanza kwenda huko nilipata pancha, nikaziba, nikajaza upepo, nikaenda mita mia chache, tairi likalala. Nikaziba tena. Mara nne, kwa muda wa karibu saa tatu juani, maji yakaniishia. Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi alisimama kunitazama, kisha akaniomba tairi. Akapitisha kidole gumba ndani polepole, akasimama mahali, akachokonoa kwa ncha ya kisu, akanionyesha kipande cha mwiba kisichofika hata urefu wa punje ya mchele. Nilikuwa naziba tyubu na kuirudisha juu ya mwiba ule ule.

Kwa hiyo ukipata pancha fanya hivi. Kabla hujatoa tyubu, weka alama kwenye tairi pale ilipo valvu, na kumbuka upande wa tyubu uliotazama cheni. Toa tyubu, ijaze upepo, tafuta tundu kwa kuisogeza karibu na mdomo; ngozi ya mdomo husikia upepo mdogo kuliko sikio. Kisha laza tyubu juu ya tairi, valvu kwenye alama yako. Palipo na tundu kwenye tyubu ndipo penye mwiba kwenye tairi, au upande wa pili kwa umbali ule ule kama umeigeuza. Hapo ndipo pa kupapasa. Mimi hutumia kipande cha pamba badala ya kidole: kikipita juu ya mwiba, nyuzi zinanasa. Mwiba uchomoe kwa plaizi ndogo. Ukigoma, usukume kutoka ndani kwenda nje. Ukishapata mmoja usiridhike, zungusha pamba tairi zima.

Kuhusu viraka, mimi natumia vya solusheni tu. Vile vya kubandika bila gundi nimeviona vikiachia kwenye joto, nami sivibebi tena. Sugua tyubu kwa msasa mpaka mng'ao uondoke, paka solusheni nyembamba, kwenye eneo kubwa kuliko kiraka, halafu subiri. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanabandika ikiwa bado mbichi. Ingoje mpaka ipoteze ung'avu, ukiigusa pembeni isishike kidole. Ndipo ubandike na ukandamize kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni.

Beba tyubu mbili mpya kwa kila baiskeli, ubadilishe njiani na kuziba ukiwa umetulia. Pampu iwe ya mkono, na ijaribu nyumbani, kwa sababu zipo zinazouzwa haziendani na valvu yako. Tairi ziwe nene. Shemeji alikuja na tairi nyembamba za lami. Nilimwazima baiskeli yangu ya pili na hatukubishana sana.

Hatua ya 4: Jumamosi, barabarani

Maji lita mbili kila mtu, ndizi mbivu, karanga zenye chumvi, helmeti, taa ya nyuma inayowaka. Barabara kuu ya Arusha ina mabasi na malori, hivyo nendeni mstari mmoja na muwahi kabla haijachangamka. Baada ya kilomita zaidi ya 20 mnafika Boma. Kunyweni chai, kisha pindeni kushoto kwenye vumbi.

Hatua ya 5: Kutaneni majini

Familia ilikuja na Noah saa nne, na vyakula. Watu huita pale Maji Moto, lakini maji ni vuguvugu tu, yanachemka kwa maana ya kububujika kutoka chini. Ni safi hadi unaona mizizi ya miti ikishuka kwenye kina, na visamaki vinakuja kudonoa miguu. Watoto wa shemeji walicheka mpaka wakakaa chini. Kuna sehemu zenye kina, kwa hiyo mtoto asiyejua kuogelea awe na mtu mzima anayemshika. Sikukuu pale hujaa, uwahi.

Kurudi, baiskeli zifungwe juu ya gari. Njia ya kurudi Boma inapanda taratibu, jua limewaka, na pia mtakuwa mmekula.

Hatua ya 6: Jumapili

Baada ya ibada, tembeeni wote hadi maporomoko ya Materuni, kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote. Njia inapita kwenye migomba na kahawa, ina utelezi karibu na maji, viatu viwe na meno.

Jioni mtori. Ni chakula anachopewa mama aliyejifungua, na kwa mwili uliochoka sijaona kinachoufikia: ndizi zilizopondwa laini, nyama, mchuzi wa moto. Mbege, pombe ya ndizi, isubiri hadi hapa, siku ambayo hakuna tena anayepanda baiskeli. Sisi tulikaa uani mpaka usiku, shemeji akisimulia ile barabara ya vumbi kwa mama mkwe, naye akimuuliza kila baada ya muda, "Sasa baba, na miiba yote hiyo, hukupata pancha hata moja?"

Alipata mbili. Alibadilisha tyubu mwenyewe, na mwiba wa pili aliutafuta kwa pamba.