Kisamvu cha nazi na kunde, kuanzia shambani

Ukisikia mtu anasema kisamvu kinakwaruza koo au kina uchungu, mara nyingi ujue hakikutwangwa vya kutosha, au kiliepuliwa mapema. Wengi hukimbilia kuongeza nazi na vitunguu ili kukiokoa, lakini hakiokoki hivyo. Sisi huku Muheza, ambako nyumba haikosi mihogo nyuma na mnazi kando, tunajua kazi kubwa ya kisamvu huisha kabla hujaikalia mbuzi kukuna nazi. Kwa hiyo nitakaa sana shambani na kwenye kinu, jikoni nitapita upesi.

Kwa watu sita hadi wanane, andaa hivi:

- majani ya muhogo, kama kilo moja yakishatolewa vikonyo
- kunde kavu robo kilo, zilizolowekwa usiku kucha
- nazi mbili kubwa zilizokomaa
- vitunguu maji viwili
- kitunguu saumu, punje nne au tano
- pilipili mbuzi moja, nzima
- chumvi

Nyanya, karoti na viungo vya paketi sijavisahau, nimeviacha makusudi. Nyanya huleta ukakasi unaopigana na nazi. Anayezipenda atie, ni chungu chake.

Hatua ya 1: Kuchuma

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijachachamaa. Ya mchana hufika nyumbani yamenyong'onyea, na yale ya chini ya kapu yameshaanza kupata joto.

Shika ncha ya tawi, shuka nayo hadi jani la nne au la tano. Hapo ndipo ulaini unapoishia. Ukiwa na shaka, kunja kikonyo karibu na jani: kikivunjika papo hapo, jani linafaa, kikipinda tu bila kuvunjika, limekomaa, liache. Jani lililokomaa utalitwanga mpaka mabega yaume na bado litabaki na nyuzi.

Chuma ncha mbili tatu kwenye kila shina, kisha sogea shina jingine. Muhogo hujaza mizizi kwa kazi ya majani yake, kwa hiyo anayenyonyoa shina zima anakula kisamvu leo na kupunguza muhogo wa baadaye. Mihogo iliyopandwa masika iache ishike kwanza, ifike kiunoni, ndipo uanze kuigusa. Ukikata ncha kwa kiasi, shina hutoa machipukizi ya pembeni, na hayo ndiyo mboga yako ya wiki zijazo.

Aina ya muhogo nayo ina neno. Mitamu ndiyo ya kuanza nayo. Kibandameno, ambao watu wa Tanga na Pwani ya Kenya wanaujua vizuri, ni mtamu lakini unashambuliwa vibaya na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kiroba unavumilia zaidi. Majani ya muhogo mchungu pia yanaliwa, ila yanadai kazi zaidi, nitaeleza kwenye kuchemsha. Tena wakati wa ukame hata muhogo mtamu huongeza uchungu, kwa hiyo usipime kwa mazoea ya msimu wa mvua.

Utakutana na majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya njano. Hiyo ni batobato. Virusi vyake havimdhuru mtu, lakini jani limedumaa na halina faida chunguni, liruke. Kubwa zaidi, shina hilo usilikatie mbegu. Pingili zake zitaupeleka ugonjwa shamba zima, na michirizi ya kahawia husambaa vivyo hivyo. Magonjwa haya mawili yana historia huku kwetu. Batobato iliandikwa kitaalamu mwaka 1894 kutokana na mihogo ya Usambara, na michirizi ya kahawia ikaelezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, hapo juu milimani. Watafiti wa Amani ndio waliochanganya muhogo na mti wa mpira ili kupata mbegu zinazohimili.

Mpira huo, Manihot glaziovii, ni ndugu wa muhogo. Wajerumani waliupanda kwa utomvu, bei ya mpira ikaporomoka mwaka 1913, miti ikabaki. Watu wa pwani wakaendelea kuchuma majani yake, na wapo wanaokipenda kisamvu cha mpira kuliko cha muhogo. Ukikipata, kipike kwa hatua hizi hizi na usipunguze muda, maana kina sumu ile ile.

Hatua ya 2: Kutoa vikonyo na kuosha

Ondoa vikonyo vyote vyekundu. Osha majani kwa maji mawili, yakung'ute, yaache kwenye ungo yachuruzike. Jani lenye maji mengi huruka nje ya kinu.

Vikonyo na majani yaliyobaki usiwatupie mbuzi. Majani mabichi ya muhogo yakiliwa kwa wingi huwaua, na nimeona watu wakilia na jirani kumbe mbuzi alilishwa na mwenyewe. Yafukie shimo la mboji.

Hatua ya 3: Kutwanga

Hapa usifanye haraka. Jani la muhogo lina kitu kinachoitwa linamarini, ambacho kikiwa peke yake kimetulia tu. Ndani ya jani hilo hilo, lakini chumba kingine, kuna kimeng'enya. Ukiliponda jani, viwili hivyo vinakutana, na linamarini inavunjika na kutoa sianidi, ambayo ni sumu lakini ni nyepesi, inapaa na kuondoka. Ukichemsha majani mazima, maji ya moto yanakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki humo humo kwenye mboga. Bibi zetu hawakuwa na majina hayo, lakini hawakuchemsha kisamvu kizima.

Wengine hudhani majani machanga hayana sumu. La hasha, machanga ndiyo yenye zaidi. Tunayachagua kwa ulaini wake tu.

Tia kinuni konzi tatu nne za majani kwa mara moja, pamoja na kitunguu saumu na punje chache za chumvi ya mawe, ambazo husaidia kusaga. Usijaze kinu. Mwanzo mchi utakuwa unagonga majani makavu na mengine yanapanda ukutani. Yashushe kwa mkono, endelea. Baada ya muda mlio unabadilika, unakuwa mzito na wa majimaji, povu la kijani linatokea kando ya mchi na harufu kali inapanda puani. Ongeza konzi nyingine. Mkiwa wawili wenye michi miwili mnapokezana, kazi inakwenda mbio na maneno ya mtaa yanakwisha yote.

Utajuaje tayari? Chukua kidogo, kitandaze kwenye kiganja, kipapase kwa kidole gumba. Usione umbo la jani, usisikie mshipa. Ukikifinya kishikane kiwe donge na majimaji ya kijani yachuruzike. Ukiona bado vipande vya ukubwa wa kucha, rudisha kinuni.

Huna kinu? Sokoni mijini kinauzwa kilichosagwa kwa mashine, nacho ni kizuri kama kimesagwa leo. Kinuse: kikinuka uchachu, kipite. Blenda hukata kuliko inavyoponda, kwa hiyo tia maji kidogo na uiache isage muda mrefu kuliko unavyodhani.

Ukimaliza, kifunue kwenye sufuria pana na ukiache robo saa kabla ya kukipeleka motoni, ili kimeng'enya kimalize kazi. Muda huo washa moto. Makumbi ya nazi hushika upesi, vifuu hutoa kaa linalodumu.

Hatua ya 4: Kuchemsha

Mwagia maji mengi, yakipite kisamvu kwa vidole vinne, na chemsha bila kufunika. Sianidi hugeuka hewa kwenye joto la nyuzi 26 tu, kwa hiyo sufuria iliyo wazi inaitoa kwa urahisi, na mfuniko unairudisha. Pika mahali penye hewa, na usiinamie mvuke wa mwanzo.

Kama ni muhogo mchungu, au majani ya kiangazi, au hukuridhika na utwangaji, yakishatokota dakika kumi na tano mwaga maji ya kwanza kwa kuchuja, uweke mengine ya moto. Unapoteza vitamini kiasi, lakini bora hivyo. Kisamvu cha muhogo mtamu kilichotwangwa vizuri mimi simwagi maji yake.

Endelea kwa moto wa wastani saa nzima au zaidi, ukiongeza maji ya moto yanapopungua. Kijani kinachong'aa kitafifia kiwe kijani cha kufa, na harufu kali itaondoka, utasikia harufu ya mboga. Hapo onja. Kikiwa laini na ulimi hausikii ukakasi, kimeiva. Magadi ya kuharakisha siyapendi: yanalainisha kweli, ila yanaua vitamini na yanaacha utelezi mdomoni.

Kunde chemsha kwenye sufuria yake mpaka zipasuke, bila chumvi.

Hatua ya 5: Nazi

Tikisa nazi sikioni. Isiyo na mlio wa maji imeharibika au iko mbioni kuharibika. Koroma nayo usidanganyike, nyama yake bado changa na tui lake ni maji matupu. Vunja, kuna kwa mbuzi ukizungusha kifuu, na acha kukuna ukianza kuona weusi, kwa sababu ule weusi hutia tui rangi.

Mimina kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, fikicha kwa mikono, kamua kwa kifumbu. Hilo ni tui zito, kasimile. Liweke kando na ulifunike, maana nzi wanalijua. Rudia chicha kwa vikombe viwili, ukamue tui la pili, kisha mara ya tatu kama nazi bado ina kitu. Chicha iliyobaki wape kuku.

Hatua ya 6: Kuunga

Kisamvu kilichoiva kiwe na maji kidogo tu. Tia kunde, vitunguu vilivyokatwa na tui jepesi lote. Chumvi onja kwanza, maana kinuni uliitia. Acha vitokote taratibu, bila mfuniko, mpaka tui lianze kukauka na vitunguu vipotelee humo. Weka pilipili mbuzi nzima juu, isipasuke, itoe harufu bila kuwachoma watoto.

Sasa punguza moto, toa kuni moja. Mimina kasimile huku unakoroga upande mmoja, na usiondoke. Tui likiachwa lichemke kwa fujo hukatika, mafuta yanajitenga na maji, na mboga inaonekana imelala. Likishapanda mara moja na kutoa mapovu madogo madogo pembeni, epua. Kisamvu kizuri kinashikana mwikoni na kudondoka kwa uzito.

Kama una uduvi, uchague mchanga, ukaange mkavu kidogo na uutie pamoja na tui jepesi. Wakongo sombe yao huipika kwa mawese na samaki mkavu, na ukiwa na jirani wa huko mwombe akuonjeshe. Wa bara wengi hutia karanga zilizosagwa badala ya nazi. Karanga hushika chini upesi, kwa hiyo hapo mwiko usipumzike.

Kula na kubakiza

Tanga tunakila kwa bada, ugali wa unga wa makopa, na kuna wanaoapa hakuna kingine. Kwa wali kinaenda vizuri, hasa kikiwa kizito. Kwa muhogo wa kuchemsha ni mlo wa mkulima kweli, shina moja limetoa chakula na mboga.

Kikishatiwa nazi hakilali nje, kwa joto letu kesho kinaamka kimechacha. Unachotaka kubakiza kitenge kabla ya hatua ya 6, kikiwa kimechemshwa tu. Cha kesho kiache kwenye sufuria safi na ukichemshe tena asubuhi. Kwenye friza kigawe mafungu ya mlo mmoja mmoja, kitakaa wiki kadhaa. Siku ya kula unakuna nazi mpya na kukiunga, dakika ishirini kiko mezani. Kilichotwangwa kibichi usikilaze: majani ukiyatia kinuni leo, yafike motoni leo.