Kujifunza maneno ya Kichina yaliyotoka kwenye chungu cha ding, hatua kwa hatua

Ukifanya ukalimani wa Kichina, au hata ukiwa na mshirika mmoja tu wa Guangzhou anayekuandikia kwa WeChat, siku si nyingi utakutana na herufi hii: 鼎. Inasomwa dǐng, toni ya tatu, na ni jina la chungu cha kale cha Kichina. Masomo ya mwanzo hayana habari nayo, lakini magazeti, hotuba, barua za shukrani na kurasa za michezo zimejaa maneno yake. Wanafunzi kwa kawaida hupewa orodha ya nahau, wakakariri, na baada ya mtihani zikayeyuka. Mimi nafundisha kwa kuanzia kwenye chombo chenyewe. Ukishajua kina miguu mingapi, kina uzito gani, kinapika nini na nani alikuwa na haki ya kuwa nacho, nahau karibu zote utazibashiri kabla hujafungua kamusi.

Hatua ya 1: Kitazame chungu kwanza

Tafuta mtandaoni picha ya 后母戊鼎 (Hòumǔwù dǐng). Ni chungu cha bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati na risasi, cha enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wanakijiji wa Anyang, mkoani Henan, walikifukua mwaka 1939, wakakifukia tena kisije kikachukuliwa na jeshi la Japani, kikatolewa ardhini mara ya pili mwaka 1946. Leo kiko Makumbusho ya Taifa ya China, Beijing. Uzito wake ni kilo 832.84 na kimo chake sentimita 133. Kikuze kwenye skrini uyaone masikio mawili yaliyosimama juu ya mdomo. Kwenye masikio ya ding ndiko ulikopitishwa mti wa kubebea chungu kikiwa cha moto.

Hiki kina miguu minne na tumbo la pembe nne. Tafuta pia picha ya 大克鼎 (Dà Kè dǐng), iliyopo Makumbusho ya Shanghai: tumbo la mviringo, miguu mitatu. Hii ya pili ndiyo umbo la kawaida, na ndiyo iliyozaa nahau tutakazoanza nazo.

Sasa rudi kwenye herufi. Maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mifupa yaliichora kama picha: masikio juu, tumbo katikati, miguu chini. Leo ina mapigo 12. Juu andika 目, kisha sehemu mbili za pembeni zinazoshuka kama miguu. Usihangaike kuiandika vizuri siku ya kwanza.

Jambo moja la mwisho kuhusu chombo: kilipika nyama ya sadaka kwa mizimu ya wazee, na kwa utaratibu wa Zhou, enzi iliyofuata Shang, idadi ya vyungu ilikwenda na cheo. Mfalme alipanga 9, watawala wa majimbo 7, mawaziri 5, na kushuka chini. Aliyepanga zaidi ya haki yake alikuwa ametangaza nia.

Hatua ya 2: Anza na miguu

三足鼎立 (sān zú dǐng lì) ni “kusimama kama ding kwa miguu mitatu”. Hutumika pale nguvu tatu zinapogawana uwanja na hakuna inayoweza kuimeza nyingine. Mfano wa vitabuni ni Wei, Shu na Wu, falme tatu zilizogawana China katika karne ya 3. Lakini wazo ni la zamani zaidi: Kuai Tong alimshauri jemadari Han Xin ajitenge na wakubwa wawili waliokuwa wakipigana, Xiang Yu na bwana wake mwenyewe Liu Bang, ili dunia igawanywe mafungu matatu, 鼎足而居 (dǐng zú ér jū). Han Xin hakusikia, na mwishowe Liu Bang, bwana aliyekataa kumwacha, akamvua ufalme.

Hapa Mswahili ana mtego wake, maana atafikiria mafiga mara moja. Figa moja haliinjiki chungu, na wanasiasa wa Tanzania wameomba kura za “mafiga matatu”: rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Picha inafanana, ila mafiga yetu yanasaidiana kubeba chungu kimoja, wakati 三足鼎立 inazungumzia mahasimu wanaozuiana. Ukiwaambia Wachina kwamba rais, mbunge na diwani wa chama kimoja wako 三足鼎立, watakuelewa kwamba hawa watu watatu wanagombana. Itumie kwa kampuni tatu za simu zinazogawana soko, utakuwa sawa kabisa.

Hatua ya 3: Nenda kwenye uzito, na ukae hapo

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo usikimbilie mbele. Mapokeo yanasema Yu, mwanzilishi wa enzi ya Xia, alikusanya madini kutoka majimbo tisa akasubu ding tisa. Aliyekuwa nazo ndiye mwenye nchi. Zikatoka Xia zikaenda Shang, zikatoka Shang zikaenda Zhou. Ndiyo maana 定鼎 (dìng dǐng), “kuziweka ding mahali pake”, ni kuasisi utawala na mji wake mkuu.

Mwaka 606 K.K. Mfalme Zhuang wa Chu, mbabe wa kusini, alipigana na watu wa Rong, kisha akalileta jeshi lake hadi Mto Luo na kulipanga mpakani mwa Zhou. Mfalme wa Zhou alikuwa dhaifu. Akamtuma ofisa wake Wangsun Man aende kumpa mgeni pole ya safari. Mgeni akauliza swali linaloonekana la kawaida: ding zenu zina ukubwa gani, na uzito gani? Kila aliyekuwepo alielewa. Anayeuliza uzito wa mzigo anawaza kuubeba. Wangsun Man akajibu 在德不在鼎 (zài dé bú zài dǐng), suala liko kwenye wema wa mtawala, haliko kwenye ding. Akamalizia kwamba Zhou imepungua nguvu, lakini amri ya mbingu haijabadilika, na uzito wa ding bado si jambo la kuulizwa. Mfalme wa Chu akarudi kwao.

Kutoka hapo tuna 问鼎 (wèn dǐng), “kuuliza ding”: kumezea mate kiti cha enzi. Umbo lake refu ni 问鼎中原 (wèn dǐng Zhōngyuán), na Zhongyuan ni ile nyanda ya kati iliyokuwa kitovu cha China. Siku hizi neno limehamia michezoni, na hapo kuna utata. Wanaoshika maana ya asili wanalitumia kwa timu inayoutaka ubingwa. Waandishi wengi wa habari wanaliandika hata kombe likishabebwa. Mimi nasimama na wale wa kwanza, maana Mfalme Zhuang aliuliza tu, hakuchukua kitu. Ila ukiwa unatafsiri, msimamo wako hausaidii. Soma aya nzima kabla hujamwambia msikilizaji nani kashinda.

Kwa uzito huohuo kuna 一言九鼎 (yì yán jiǔ dǐng), neno moja lenye uzito wa ding tisa. Inatokana na kisa cha Mao Sui, mtu asiyejulikana aliyekwenda Chu na bwana wake wa jimbo la Zhao kuomba msaada wa kijeshi, akamkabili mfalme wa Chu ana kwa ana mpaka akakubali. Bwana wake akasema Mao Sui ameipa Zhao uzito kuliko ding tisa. Itumie kumsifu mtu ambaye akisema, mambo yanakwenda, au ambaye ahadi yake hairudi nyuma.

Na wapo waliojaribu kubeba kweli. Xiang Yu anatajwa kuwa na nguvu za kunyanyua ding, 力能扛鼎 (lì néng gāng dǐng). Angalia matamshi: 扛 ya kubeba begani ni káng, lakini hapa ni gāng, na wakalimani wengi huumbuka mbele ya watu kwa neno hili. Mfalme Wu wa Qin yeye alishindana kunyanyua ding na mwanamieleka wake, akavunjika mguu, akafa mwaka 307 K.K. Hata hivyo nahau imebaki kuwa ya sifa: 扛鼎之作 (gāng dǐng zhī zuò) ni kazi ya sanaa au uandishi yenye uzito mkubwa.

Hatua ya 4: Washa moto

人声鼎沸 (rén shēng dǐng fèi), sauti za watu zinachemka kama ding. Soko la jumla asubuhi, stesheni kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Hii ni nyepesi, ijaribu leo. 钟鸣鼎食 (zhōng míng dǐng shí), kula kutoka kwenye ding huku kengele zikilia, ni maisha ya familia za kitajiri za zamani.

Tamu kuliko zote haina hata herufi 鼎 ndani yake. Mwaka 605 K.K., mwaka mmoja tu baada ya lile swali la Chu, jimbo la Zheng lililetewa kasa mkubwa. Mwana wa ukoo wa kitawala aitwaye Zigong alikuwa akienda kumwona mtawala, kidole chake cha shahada kikatikisika. Akamwambia mwenzake Zijia: kikifanya hivi, lazima nile kitu adimu. Wakaingia, wakamkuta mpishi anakatakata kasa, wakatazamana wakacheka. Mtawala akauliza kulikoni, akaambiwa. Chakula kilipoiva akamwita Zigong kama wengine, lakini hakumpa kitu. Zigong akakasirika, akachovya kidole ndani ya ding, akakilamba, akatoka. Mtawala akataka kumuua; Zigong na Zijia wakamuwahi.

Kisa hicho kimoja kimetoa maneno mawili: 食指大动 (shí zhǐ dà dòng), kutokwa mate kwa hamu ya chakula, na 染指 (rǎn zhǐ), kutia mkono kwenye kisicho chako. La kwanza ni la utani wa mezani. La pili ni shutuma, ulitumie kwa uangalifu.

Hatua ya 5: Jua nani anamwambia nani

鼎力相助 (dǐnglì xiāngzhù) ndiyo utakayoiona mara nyingi kwenye barua za biashara: msaada wa nguvu za ding. Ni neno la heshima, na linakwenda upande mmoja tu. Mwenzako akikusaidia, unamshukuru kwa 鼎力 yake. Ukiahidi wewe kumsaidia kwa 鼎力, umejipandisha cheo mwenyewe. Vivyo hivyo 大名鼎鼎 (dà míng dǐng dǐng), mwenye jina kubwa: mpe mgeni rasmi, usijipe wewe.

Hatua ya 6: Jipime

Funika majibu, soma sentensi hizi, uamue ipi haifai na kwa nini.

a) 市场里人声鼎沸。 (Sokoni sauti za watu zinachemka.)
b) 感谢您的鼎力支持。 (Nakushukuru kwa msaada wako wa 鼎力.)
c) 您放心，我一定鼎力相助。 (Usiwe na wasiwasi, hakika nitakusaidia kwa 鼎力.)
d) 这三家公司三足鼎立。 (Kampuni hizi tatu zimesimama kama miguu mitatu ya ding.)

Isiyofaa ni c. Weka 我一定尽力 (wǒ yídìng jìnlì), “nitajitahidi kadiri ya uwezo wangu”, halafu itume.